Shukrani zako za Kiingereza zinapogoma: dalili, chanzo na marekebisho

Ndani ya Nairobi, Kiingereza cha kushukuru hakimsumbui mtu. Mhudumu wa M-Pesa anajibu "welcome", mteja anaongeza "thank you too", na kila mmoja anashika njia yake ameridhika. Hicho ni Kiingereza cha hapa na wenyewe wanaelewana. Shida huanza ujumbe unapovuka mpaka: mteja yuko Manchester, profesa yuko Toronto, msimamizi mpya wa mradi kule Gigiri ameshuka ndege juzi kutoka Marekani. Shukrani iliyotoka rohoni inamfikia ikiwa imepoa, imevimba, au imegeuka amri.

Hitilafu ni za aina mbili. Za sarufi ni nyepesi: unaziona, unaziba, umemaliza. Za kipimo ndizo sumbufu, kwa maana kila neno liko sawa kwenye kamusi ila uzito wake haulingani na jambo lililotendwa, na hakuna atakayekusahihisha. Mpokeaji hatakuandikia kwamba umezidisha. Atakuona mtu wa ajabu kidogo na kuendelea na kazi yake. Tuanze na zile nyepesi.

Dalili: "I appreciate." na sentensi inaishia hewani

Hii ndiyo inayoonekana sana kwenye barua pepe za Nairobi. Chanzo chake ni kwamba "nashukuru" hujitosheleza, haidai yambwa, yaani neno la kutaja kinachoshukuriwa. "Appreciate" inadai. Ikiachwa peke yake, kwa Kiingereza hubeba maana nyingine kabisa, ya kupanda thamani, kama ploti ya Kitengela. Msomaji wa London atajua ulichokusudia, lakini sikio lake litabaki linangoja neno lililokosekana. Mpe: "I appreciate it", "I appreciate your help", "I appreciate you staying late". Kwenye ujumbe mfupi wa simu, "Much appreciated" inapita bila tatizo.

Inayofuatana nayo ni "I have appreciated", tafsiri ya moja kwa moja ya "nimeshukuru". Kiswahili hutumia -me- kwa hali uliyo nayo sasa hivi: nimechoka, nimeshiba, nimefurahi. Kiingereza hapo huweka wakati uliopo: "I appreciate it", "I'm grateful". "I have appreciated" ina mahali pake, nalo ni penye muda mrefu uliopita, kwa mfano kwenye barua ya kuacha kazi: "I have appreciated your guidance over the past three years." Ukimwandikia hivyo mtu aliyekutumia namba ya simu asubuhi hii, utadhaniwa unaaga.

Halafu kuna "I would appreciate if you send me the invoice". Hata wenye digrii mbili huangusha "it" hapa. Sahihi ni "I would appreciate it if you could send me the invoice."

Dalili: "thank you" na "thanks" zimegongana

"Thank you" tayari ina mtendewa ndani yake. "Thanks" ni nomino, tena ya wingi. Ukishika hilo tu, makosa mengi yanaanguka yenyewe. "Thanks you" haiwezekani. "Thank you a lot" inayumba, kwa kuwa "a lot" hukaa na "thanks". "Very much" na "so much" hukaa na zote mbili. "Much thanks" imo katika Hamlet ya Shakespeare, ila leo watu huandika "many thanks". "Thanks God" ni "Thank God".

Baada ya "for", kitenzi huvaa -ing. Anayetafsiri "asante kwa kuja" hukiona kile kiambishi ku- akakigeuza "to", akapata "thank you to come", ambayo ni kosa. "Thank you for your coming" haina kosa la sarufi lakini ni nzito mdomoni. Mtu wa kawaida husema "Thank you for coming." Vivyo hivyo "for helping me", "for explaining", "for letting me know".

Angalia sana "thanks to". Hiyo si shukrani, ni "kwa sababu ya". "Thanks to the IT team, the system was down all morning" ni lawama yenye kejeli. Ukitaka kuishukuru idara, andika "Thank you to the finance team for closing the books early."

"Grateful" hutaka vihusishi viwili: "to" kwa mtu na "for" kwa jambo. "I am grateful to you for your advice." Ukisema "I am grateful for you", umemwambia mtu kwamba unashukuru kuwa yupo duniani. Mama atafurahi. Afisa wa mikopo atashtuka.

Na "asanteni"? Kiingereza sanifu hakina umbo tofauti la wingi wa "you", kwa hiyo sema "Thank you all" au "Thank you, everyone". "Thank you, people" inasikika kama unawafukuza ukumbini.

Dalili: shukrani imevimba, mpokeaji amenyamaza

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Tuchukue ujumbe wa aina inayotumwa kila siku kutoka ofisi za Upper Hill na Westlands. Mwenzako wa tawi la ng'ambo amekutumia faili moja ya Excel, kazi ya dakika tano kwake. Unajibu:

"I would like to take this opportunity to express my heartfelt gratitude for the assistance you accorded me."

Sarufi ni safi. Mwalimu wa kidato cha nne angeweka alama ya vema. Ila mpokeaji anasoma mara mbili akitafuta kama kuna jambo zito lililotokea ambalo hakuliona. Chanzo ni kwamba lugha hii tumeipata kwenye barua rasmi za shuleni na kwenye hotuba za harambee, ambako maneno huongezwa ili kumheshimu mtu mbele ya watu. Barua pepe ya kazini haina jukwaa.

Ipunguze hivi. Kwanza ondoa kila kitu kinachotangaza kwamba shukrani inakuja: "I would like to take this opportunity to" yote inatoka. Kisha "express my heartfelt gratitude" inakuwa "thank you". Kisha, na hii ndiyo hatua ambayo watu huruka, futa "the assistance you accorded me" na ukitaje kitu chenyewe. Alikupa nini? Hesabu za Machi. Mwisho ongeza kilichotokea baada ya yeye kukusaidia. Inabaki:

"Thank you for the March figures. They were exactly what the auditors wanted."

Maneno 13 badala ya 18, na sasa ujumbe ni wake peke yake. Huwezi kuunakili ukampelekea mtu mwingine. Kiswahili huongeza joto kwa kurudia na kuombea: asante, asante sana, Mungu akuzidishie. Kiingereza cha kazini huongeza joto kwa kutaja. "Thank you, thank you, thank you so very much" hufanana na mtu mwenye wasiwasi. "Thank you for calling the clinic before they closed" hufanana na mtu aliyeona ulichomfanyia.

Kwa hiyo kipimo hufuata gharama aliyoingia mwenzako. Kufunguliwa mlango au kupewa kalamu ni "Thanks" na basi. Jambo lililomchukua dakika kumi hadi saa moja linataka kutajwa na tokeo lake, kama hapo juu. Aliyekosa chakula cha mchana au kubaki ofisini usiku kwa ajili yako anastahili "Thank you so much for staying to finish this. I really appreciate it." Aliyekulipia karo, aliyekutafutia kazi, aliyelala hospitalini na mgonjwa wako: "I'm very grateful to you for everything you did for my father", au "I can't thank you enough." Hii ya mwisho itunze. Ukiitumia kwa faili ya Excel, siku ya jambo kubwa hutakuwa na ya kusema. "I lack words", inayotokana na "nakosa maneno", badilisha iwe "I don't know what to say" au "I don't know how to thank you".

Kuna mahali ambapo maneno mazito yako nyumbani kwao, na hapo usipunguze kitu. Tangazo la shukrani gazetini baada ya mazishi linasomeka vizuri na "We wish to express our sincere gratitude to all who stood with us." Ukurasa wa shukrani kwenye tasnifu unapokea "I am indebted to my supervisor". Ile "vote of thanks" mwishoni mwa mkutano inajulikana hapa na Uingereza, lakini ukimwomba mgeni Mmarekani aitoe, mwambie wazi unachotaka: "Could you say a few words of thanks at the end?"

Dalili: shukrani imekonda, unaonekana mkavu

Kinyume chake nacho kipo. Katika Kiswahili si kila tendo dogo hudai asante. Sauti ya upole na "naomba" mwanzoni vinatosha. Kiingereza cha Uingereza hasa hutaka asante ndogo ndogo kila hatua: ukipokea chenji, ukipishwa mlangoni, hata ukishuka basi watu wengi humshukuru dereva. Kwenye barua pepe, "Received", "Noted" au "Ok" peke yake husomeka kama mtu aliyenuna. Ongeza neno moja tu: "Received, thanks."

Hapohapo jihadhari na "Well received". Nairobi ina maana ya "nimeipata salama". Kwingineko "well received" husemwa kuhusu hotuba au kitabu kilichopokelewa vizuri na watu. Andika "Got it, thank you", au rasmi zaidi, "Received with thanks."

Shukrani iliyokonda huuma zaidi pale mtu alipokuandikia barua ya mapendekezo ya ufadhili. "Thanks for the recommendation" haitoshi kwa barua iliyokula jioni yake nzima, na wengi wakiambiwa hivyo hukimbilia "heartfelt" tena. Haihitajiki. Tazama:

"Thank you for writing to the scholarship committee on my behalf, especially in the middle of exam season. I have been invited for an interview on the 14th. I'll let you know how it goes."

Hakuna neno hata moja kubwa. Uzito umebebwa na kuona kwamba alikuwa na shughuli nyingi, kumpa habari, na kuahidi nyingine. Ahadi hiyo itimize hata ukikataliwa. Wanafunzi wengi hunyamaza wakikosa nafasi, na profesa huyo ndiye watakayemrudia mwaka ujao.

Dalili: umeshukuru, lakini mtu amehisi kusukumwa au kudharauliwa

"Thanks in advance" chini ya ombi humwambia msomaji kwamba suala la kukataa halipo. Kwa mtu wa chini yako au kwa jambo la kawaida ni sawa. Kwa mtu asiyekujua, unayemwomba saa mbili za muda wake, inasukuma. "Thanking you in advance, I remain" ni ya barua za zamani na inasikika hivyo. Weka "I'd be grateful for any advice you can give", kisha shukuru akishajibu. "Your favourable response will be highly appreciated", tuliyoizoea kwenye barua za kuomba kazi, ina kasoro hiyohiyo. "Thank you for considering my application" inatosha na haimlazimishi mtu.

"Thank you for your cooperation" ni lugha ya bango na ya mlinzi getini. Kwa mteja inatia baridi.

"Good job" na "Keep up the good work" hushuka kutoka juu kwenda chini: mkubwa kwa mdogo, mwalimu kwa mwanafunzi. Ukimwandikia meneja wako "Good job on the presentation", umempa alama. Geuza upande wa macho, sema wewe ulipata nini: "Thank you for the presentation. The part on pricing cleared up a lot for me."

Na kama aliyechelewa ni wewe, "Thank you for your patience" peke yake ni njia ya kukwepa. Mteja anajua. Omba radhi kwanza: "I'm sorry for the delay, and thank you for waiting."

Dalili: umekataa chai, chai imeletwa

Mtu ameshiba, anakaribishwa tena, anasema "asante" huku akifunika kikombe kwa kiganja. Kwa Kiswahili hapo amekataa. Kwa Kiingereza, "Would you like some more tea?" ikijibiwa "Thank you" tu, kwa kawaida huhesabiwa ndiyo, na hasa kwenye simu ambako kiganja hakionekani. Tumia jozi mbili bila kuzichanganya: "Yes, please" na "No, thank you". Mwenzako naye akikujibu "I'm good" au "I'm fine, thanks", amekataa, usimimine.

Dalili: umejibu "Welcome" na mtu amekutazama

"Karibu" hukaribisha mgeni na pia huitikia asante, kazi mbili kwa neno moja. "Welcome" peke yake, Uingereza na Marekani, ni ya mlangoni. Kuitikia asante ni "You're welcome". Hiyo "You're" ndogo ndiyo yote. Zipo nyingine: "No problem" kwa jambo dogo kati ya watu wa rika moja, "My pleasure" ukiwa unahudumia wateja, "Not at all" kwa Waingereza, "No worries" kwa Waaustralia na siku hizi Waingereza pia. Kwa jambo kubwa "No problem" inapunguza. Mtu aliyeokolewa hapendi kuambiwa halikuwa tatizo. Hapo sema "I'm glad I could help."

Mkishukuriana wote wawili, "Thank you too" inaeleweka, ila kawaida ni kurudisha "Thank you" ileile na kukazia "you".

Wanaopokea simu za wateja wa Marekani wajue pia kwamba Mmarekani aliyeshukuriwa anaweza kuitikia "Mm-hm", "Sure" au "You bet". Hajakudharau. Na Mwingereza akimaliza simu kwa "Cheers", amekushukuru, hakuna kinywaji. Mmarekani naye hutumia neno hilo zaidi kwenye kugonganisha glasi, kwa hiyo usimrushie.

Dalili: baraka zako zimepokelewa kwa ukimya

"Be blessed" ni "ubarikiwe" iliyovaa suti, na kati ya waumini haina shida popote. Kwa mteja ambaye hujui dini yake, au kama anayo, funga na "All the best" au "Have a good weekend". "Bless you" humwendea aliyepiga chafya. Na ukiulizwa "How are you?", "I thank God" humwacha msikilizaji wa mbali akijiuliza ulinusurika nini, "I'm well, thank you. And you?" hurudisha mpira kwake.

"Pole na kazi" iache kwa Kiswahili. "Sorry for the work" haieleweki kabisa. Kilicho karibu ni "Thanks for all your hard work", na hata hiyo husemwa kazi ikishafanyika, wala si kwa kila unayepishana naye kwenye ngazi.

Dalili: maneno ni sahihi, sauti ndiyo imeharibu

Sauti ya kwanza ya "thank" unayo tayari: ni "th" ya "thamani" na "thelathini". Wanaosema "tank" au "sank" wanaiacha bure. Isigeuke "dh" ya "dhahabu", hiyo ni ya "the" na "this". Herufi "n" katikati itamke kama ile ya "benki", kisha "k" ishikane na "you" bila kuweka irabu kati yao. "Thanki yu" inatoka kwa mazoea yetu ya kumaliza silabi kwa irabu.

Shukrani ya kawaida hukazia "thank". Ukikazia "you", unasema "wewe ndiwe wa kushukuriwa", na hiyo ni ya kujibu tu. "Thanks a lot" ndiyo ya kuogopa kuliko zote: ikitamkwa kwa sauti inayopanda mwanzoni na uso mchangamfu ni shukrani, ikitamkwa bapa na polepole ni lawama, maana yake "umeniponza". Kwenye maandishi sauti haipo, na ukiifunga kwa nukta baada ya habari mbaya, msomaji atachagua ile ya lawama. Kama mtu amekuandikia kwamba mzigo umekwama forodhani, mjibu "Thank you for letting me know."